Marehemu Aliomba Kitanda cha Mama

Sitaki uniamini kwa kunihurumia. Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, halafu tulia unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na mtoto mgongoni. Najua mmezoea kuambiwa kwamba wafu hutembea usiku. Huyu wangu alikuja saa nane mchana, mvua ikinyesha, na alikuja mchana kwa sababu usiku hakuwa na nafasi. Usiku alikuwa anaitwa.

Ngoja nianze na Mama, kwa sababu bila Mama kisa hiki hakipo.

Ilikuwa miaka ya tisini, tunaishi Kibera, upande wa Kianda. Chumba kimoja, kuta za udongo, bati juu. Ndani tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Neema ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, na Mama yangu mzazi. Baba yake Neema alishaondoka. Hiyo ni habari nyingine na haina mzimu ndani yake, ina mwanamke wa Kariobangi tu.

Mama alikuwa mfinyanzi. Kule kwetu Busia, mtu akitaka chungu ambacho hakivuji alielekezwa kwake. Mikono yake ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Halafu akaanza kusahau. Alianza na chumvi, akaja akasahau vyungu motoni, na mwisho akakutwa amesimama mtoni, maji yamemfika magotini, anawauliza watoto njia ya kwenda kwa mama yake aliyekufa hata mimi sijazaliwa. Sina ndugu. Nilimfuata nikamleta Nairobi.

Kwenye zahanati, sista alinieleza bila kuzunguka. Huu ni ugonjwa wa kusahau unaowashika wazee, na hakuna dawa ya kuuondoa. Lakini tulipokuwa tunatoka akanishika mkono. "Angalia usingizi wake," akasema. "Akilala, asubuhi utampata mama yako. Asipolala, utampata mtu mwingine."

Na ilikuwa hivyo hivyo. Akilala, asubuhi ananijua. Ananiuliza kama nimekula, ananikemea kwa kuvaa sketi fupi, anamshika Neema vizuri, na mimi naenda sokoni kusuka nywele za watu bila wasiwasi. Asipolala, asubuhi mimi ni mwizi. Ananiuliza nimeingilia wapi. Anaficha chumvi ndani ya kiatu. Anasimama mlangoni akitazama vidole vyake kama vya kuazima. Mama ni yule yule, chumba ni kile kile. Tofauti ni usingizi tu.

Sasa mchukue mtu kama huyo, halafu umwekee spika nne ukutani.

Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na uwanja, na mwenye uwanja tulimwita Masanduku, kwa sababu ya yale masanduku yake ya spika yaliyokuwa marefu kunishinda mimi. Alikuwa na jenereta, mashine ya kaseti na maiki. Kazi yake ilikuwa matanga. Unajua sisi watu wa magharibi na wa ziwani: mtu wetu akifia Nairobi, mwili unakaa mochari, nasi tunakutana kila jioni kuchanga ili arudishwe nyumbani akazikwe kwao. Zamani watu walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa na kunywa chai. Masanduku akaleta mziki. Watu wakacheza mpaka kunakucha, pombe inauzwa kwenye ndoo, wasichana wanapotelea kwenye vichochoro, na marehemu mwenyewe ananing'inia kwenye nguzo, picha yake imekuzwa, anatazama.

Mimi sina ubaya na matanga. Baba yangu mwenyewe alichangiwa hivyo. Lakini matanga yana mwisho. Mwili ukishasafiri, watu hunyamaza. Masanduku alikuwa hanyamazi. Mmoja akiondoka, kesho yake yuko mwingine kwenye nguzo.

Mara ya kwanza nilimwendea kwa heshima.

"Kaka, naomba upunguze kidogo. Mama yangu ni mgonjwa, halali."

"Kwani kesho ana mtihani?"

Vijana wake wakacheka.

"Ni kichwa kinamsumbua. Asipolala anaharibika kabisa."

"Mama Neema, wazee hulala wakishakufa," akasema, anafunga waya huku hata hanitazami. "Na huyo wako akilala, usinizunguke uende kwa mwingine. Niite mimi. Jirani nampigia nusu bei."

Hayo maneno niliyameza. Wazee wa kijiji je, utauliza? Nilienda. Wazee wa kijiji ndio waliokuwa wanakalia viti vya mbele.

Basi ndipo akaja marehemu Simiyu. Alikuwa fundi wa mawe, aliishi kule chini karibu na reli, mimi sikuwahi kumjua akiwa hai. Nilimjua kwa picha: mtu wa makamo, paji pana, nyusi zimekutana katikati. Aliangukiwa na ukuta kazini. Watu walimpenda, na matanga yake yalijaa kuliko yote niliyowahi kuona. Wiki ikapita. Ikapita nyingine, na nyingine. Tukaambiwa mochari haijauachia mwili. Nani angeenda kuhakikisha? Na Masanduku kila jioni kwenye maiki, sauti imejaa pombe:

"Marehemu Simiyu, tunakuita. Simiyu, amka uone watu wako. Nani huyo?"

"Simiyu," watu wanaitikia.

"Sijasikia."

"Simiyu."

Na ndani ya chumba chetu, gizani, Mama anakaa wima kitandani na kuitika, "Naam, anakuja." Anashuka, anapapasa ukuta, anakwenda kufungua mlango. Namrudisha. Jina linaitwa tena, anashuka tena. Hivyo mpaka asubuhi. Wiki ya tatu alikuwa amesahau jinsi ya kukalia kiti. Unajua kumwona mama yako anazunguka kiti, anakipima kwa mkono, hajui hiki kitu kinaingiwa upande gani?

Siku moja nilitoka kuchota maji, bomba la jirani tu, si mbali. Niliporudi nilimkuta Mama amechutama mbele ya nyumba juani. Kwenye kipande cha bati amemlaza Neema uchi, amempaka tope mwili mzima, amemlainisha vizuri kwa kiganja, mgongo, mapaja, mpaka nyuma ya masikio. Mtoto anacheka, anafikiri ni mchezo. Mama amepanga makaa kumzunguka, kisha vijiti juu ya makaa. Mkononi ana kibiriti. Njiti ya kwanza ilikuwa chini, imezimwa na upepo. Alikuwa anatoa ya pili.

"Kimekauka," akaniambia, ametulia kabisa, sauti ya mtu aliye kazini. "Leo nakichoma."

Nilimnyakua mwanangu. Majirani wakajaa. Mmoja akasema huyu bibi ni mchawi. Mwingine akasema afungwe kamba kitandani mchana nikienda kazini. Mwingine akasema arudishwe Busia, kana kwamba kule kuna mtu wa kumpokea. Mama akawa anawatazama mmoja mmoja na kutabasamu, akidhani wamekuja kununua.

Nikajua moja. Kama Mama hatalala, nitampoteza yeye au nitampoteza mtoto. Na kama nitampoteza yeyote, kuna mtu nyuma ya ukuta atajua kwamba mimi ni mtoto wa mwanamke.

Siku iliyofuata ilinyesha tangu asubuhi. Nilimfunga Neema mgongoni, nikamwomba jirani wa mlango wa kwanza amwangalie Mama kwa jicho, nikaenda kusuka kichwa kimoja tu. Saa nane nilikuwa narudi. Saa hiyo ndiyo saa pekee ambayo kule kwetu kulikuwa kimya, watu wa matanga wamelala fofofo, jenereta limefunikwa turubai. Kichochoro kilikuwa uji mtupu, viatu nimeshika mkononi.

Mlango wetu ulikuwa wazi. Mama amekaa sakafuni, na kitandani kwake amelala mwanaume.

Nilidhani ni mlevi wa Masanduku amekosea nyumba. Nikashika mwiko.

"Shh," Mama akanikata jicho. "Ndiyo kwanza amelala."

"Nani huyu?"

"Mtoto wa watu. Amechoka."

Yule mtu akafungua macho. Akainuka polepole, akakaa ukingoni mwa kitanda, magoti pamoja, kama mgeni aliyekutwa na mwenye nyumba. Suti nyeusi, shati jeupe, tai. Viatu vyeusi vinang'aa. Na hapo ndipo mwili wangu ulipoanza kujua kabla ya kichwa, kwa sababu viatu vile havikuwa na tope. Nje ni uji, nimekwambia. Sakafu yetu ilikuwa na nyayo za Mama na zangu, basi.

"Samahani, dada," akasema. "Nilimwomba mama mahali pa kulala. Hapa kumetulia saa hizi."

Nyusi zimekutana katikati.

Utasema ni kufanana. Mimi pia nilijaribu kusema hivyo. Nikamwambia ainuke aende, sitaki maneno. Akainuka, akageuka kukunja blanketi la Mama, kwa adabu tu. Alipogeuka nikaona mgongo wake. Koti lilikuwa limepasuliwa kutoka kola hadi chini, mkato mmoja ulionyooka, na shati ndani yake vivyo hivyo. Mgongo uko wazi.

Kama hujawahi kumvalisha maiti hutaelewa. Mimi nilimvalisha baba yangu. Mikono ya maiti haikunjiki, kwa hiyo wale wa mochari huchukua mkasi na kupasua nguo nyuma, wanaivika kwa mbele kama aproni, halafu wanaikunja chini ya mgongo. Kwenye jeneza mtu anaonekana amevaa vizuri. Hakuna mtu aliye hai anayevaa suti ya namna ile.

Neema mgongoni hakulia, hakutikisika. Alikuwa anamtazama yule mtu na kunyonya kidole.

"Wewe ni Simiyu," nikasema.

Akawaza. Niamini, aliwaza, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. "Ndilo wanaloniita," akasema. "Kila jioni wananiita hilo, basi nadhani ndilo."

"Lakini uko mochari."

"Hapana. Nilishazikwa. Ndugu zangu walikuja wakanichukua kimya kimya, wakanipeleka, wakanilaza vizuri. Udongo wa kwetu ni mwepesi. Siku ya kwanza nililala. Halafu mtu akaniita kwa jina. Mtu akiitwa jina lake huamka, dada. Hata wewe. Nikaja, nikasimama pale nyuma ya watu, hakuna aliyenitaka. Wanacheza. Nikarudi. Kesho yake ananiita tena. Sijalala tena tangu hapo."

Ukinitazama sasa utafikiri nilikimbia. Ningekimbilia wapi na kumwacha Mama? Nikakaa juu ya debe.

"Nimeanza kusahau," akasema. "Nilianza kumsahau mke wangu, uso wake. Halafu watoto, idadi yao. Juzi nilifika kaburini, nikasoma msalaba, nikajiuliza huyu naye alikuwa nani. Njia yenyewe sasa inanipotea. Nikiisahau njia nitabaki huku, na sitajua mimi ni nani, na mtu asiyejua yeye ni nani anaweza kufanya lolote." Akamtazama Neema. "Lolote kabisa."

Nikakaza fundo la kanga iliyombeba Neema. Mama, yeye, alikuwa anamtikisia kichwa kama wanazungumzia bei ya viazi. Akaniambia, "Mpe blanketi aende nalo. Kule kuna baridi."

Hebu fikiria. Mtu mmoja yuko hai, mwingine amezikwa, na wote wawili ugonjwa ni ule ule na anayewaua ni yule yule. Woga wangu ukageuka. Nakwambia uliwaka kama petroli.

"Anayekuita ni nani?" nikamuuliza.

"Sijui. Sauti tu."

"Mimi namjua," nikasema. "Leo hatakuita wewe. Nenda ukalale."

"Nitajuaje?"

"Utalala."

Akainama kidogo, kama tunavyowaaga watu wakubwa, akapita mlangoni kwa ubavu, mgongo ule hakuuonyesha tena. Nilichungulia kichochoroni. Mvua tu. Nilipogeuka Mama aliniuliza mimi ni nani na mbona nimevaa nguo za binti yake.

Jioni hiyo, saa moja, kabla pombe haijawapanda watu, niliingia uwanjani. Sikuwahi kuingia wakati wa mziki. Nilimfunga Neema mbele safari hii, na Mama nilimshika mkono nikamkalisha kwenye benchi la wanawake wazee, kwa sababu sikuwa na wa kumwachia.

Sasa, kuna desturi, na Masanduku aliishi kwa desturi hiyo. Kwenye matanga, ukitia chochote kwenye beseni, mziki unasimamishwa na unapewa maiki. Unajisifu, unamsifu shemeji yako, unataja unayetaka kumtaja, na watu lazima wakuitikie. Ndivyo mchango unavyokua. Masanduku mwenyewe alikuwa hachoki kujitaja: "Mimi Protas mwana wa Nafula, mtoto wa kitinda mimba, simba wa Kianda." Kila usiku. Nilikuwa nalijua jina lake la ubatizo na la mama yake kuliko Baba Yetu.

Nikatia shilingi zangu za kusuka kwenye beseni. Mziki ukasimama.

"Leo Mama Neema amekuja kucheza," akasema Masanduku, ananipa maiki. "Au mgonjwa ameshalala tayari?"

Watu wakacheka. Nikachukua maiki.

"Nimekuja kulia," nikasema. Nikafungua leso kichwani, nikaweka mkono kisogoni, na nikaanza wimbo wa kilio, ule wa kwetu wa kweli, ambao wanawake huimba mwili ukiwa uani. Huo wimbo una mahali pa jina. Mlizi anaimba, anafika kwenye jina, anasita, na walio karibu wanalitaja pamoja naye. Hakuna mwanamke wa kwetu anayemwachia mwenzake wimbo ule peke yake. Hata umchukie vipi, kinywa chake kitafunguka. Ni kama mtu akianguka mbele yako, mkono wako unatoka wenyewe.

Nilipofika kwenye jina nikasema, "Protas, mwana wa Nafula."

Na wale wanawake wazee kwenye benchi, wamezoea, hawakuwaza, wakaitikia, "Protas, mwana wa Nafula."

Wa kwanza wao alikuwa Mama.

Masanduku akacheka. "Huyu dada ana vituko," akawaambia watu. Watu nao wakaona ni mzaha mzuri, wakaitikia mara ya pili kwa nguvu zaidi, vijana pia. Nikaimba: amelala nani? Protas. Ameacha nani? Nafula. Amka Protas uone watu wako. Mara ya tatu. Mara ya nne. Nilimwona anaacha kucheka. Alikuwa amegeuza shingo, anatazama nyuma ya umati, kule gizani karibu na choo, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali.

"Basi, lete maiki," akasema.

Nikampa. Lakini wimbo ulikuwa umeshawaingia. Akawasha mziki, watu wakacheza, na juu ya ule mziki wakawa bado wanaita, Protas, Protas, wanapiga makofi. Akazima mziki, wakaendelea bila mziki. Mwisho alizima jenereta mwenyewe, akawafukuza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Kabla sijatoka nikaitungua picha ya Simiyu kwenye nguzo nikaiingiza chini ya leso. Kesho yake niliichoma, kwa heshima.

Usiku huo Kianda ilinyamaza. Nilisikia panya wanatembea juu ya bati. Mama alilala chali, mdomo wazi, akikoroma kama jembe kwenye changarawe, nami nikakaa macho nikiisikiliza ile sauti. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Asubuhi aliamka kabla yangu. Alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, amekiingia bila kukipima. Akaniita jina langu, lile ambalo ni yeye tu aliyebaki duniani wa kuniita.

"Mbona huyu mtoto hajaogeshwa?" akasema. "Nipe maji. Na wewe umekonda, unakula kweli?"

Nilitoka nje nikalia kwenye ukuta wa choo mpaka jirani akadhani nimefiwa.

Sikudanganyi, hakupona. Ugonjwa ule haurudi nyuma. Lakini matanga hayakupigwa tena pale uwanjani, na Mama aliendelea kulala, na mimi nilipata asubuhi zangu. Si zote. Nyingi. Alikumbuka kukanda unga, akanionyesha jinsi ya kupiga chapati zikawa laini. Neema alitembea akiwa ameshika vidole viwili vya Mama. Kuna watu wanaofikiri mgonjwa kama yule hana kitu tena cha kuibiwa. Waje waniulize mimi asubuhi moja ina thamani gani.

Na Masanduku? Huyo hakulala. Mwanzo aliwaambia watu ni mbu. Halafu akasema kuna wahuni wanamwita dirishani. Akabadilisha chumba, wakamwita huko. Macho yake yakawa mekundu kama nyanya zilizoiva kupita kiasi. Akaanza kukosea nyaya, akachoma mashine yake mwenyewe. Akawa anawasalimia watu kwa majina ya watu wengine. Siku moja walimkuta anajaribu kuvaa shati kwa miguu. Habari ikatoka pia kwamba Simiyu alikuwa amezikwa siku nyingi, na kwamba Masanduku alijua. Watu wakaacha kumsalimia. Yale masanduku yake yaliishia kufugiwa kuku.

Simiyu mwenyewe sikumwona tena. Naamini alifika.

Sisi tulihama. Tulipata chumba Kawangware, Gatina, cha mawe, ukuta mnene, upande wa nyuma kabisa ambako hata kengele ya kanisa haifiki. Mama aliishi nasi huko, na huko ndiko alikolala mara ya mwisho, kwenye kitanda chake, usiku, bila kelele. Hilo nililipata na hakuna wa kuninyang'anya.

Lakini kabla hajaenda, mchana mmoja mlango uligongwa. Nikafungua. Masanduku. Alikuwa amevaa kiatu kimoja na ndala moja, ndevu zimejaa makombo. Kutoka Kibera mpaka pale alikuja kwa miguu, sijui nani alimwelekeza. Hakunitambua.

"Dada, hapa kumetulia," akasema. "Nipe mahali nilale kidogo tu."

"Hakuna."

Akajishika kichwa. "Basi nisaidie kitu kimoja. Kuna mtu ananiita, usiku kucha, lakini sasa silishiki jina. Nikilijua ningemwitikia, huenda angenyamaza. Mimi naitwa nani, dada?"

Nyuma yangu Mama akaita, "Ni nani huyo? Amechoka? Mwambie aingie."

Nilikuwa nalijua jina lake. La kwake na la mama yake, yote yalikuwa kwenye ulimi. Nikamtazama mpaka akaangusha macho.

"Sikujui," nikamwambia, nikafunga mlango, nikarudi kumaliza kumchana Mama nywele.

Walisema baadaye alionekana Riruta, halafu hakuonekana. Ukiniuliza kama roho inanisuta, nitakujibu kwamba roho yangu hulala vizuri sana.

Kwa hiyo wewe mwenye spika, mwenye kilabu, hata wewe mchungaji wa kesha za kila siku, sikiliza. Upande wa pili wa bati lako kuna mzee ameketi wima gizani, na kila unapopiga kelele kuna kitu kinamtoka ambacho hutaweza kumrudishia. Mwanawe akija kukuomba, usimuulize kama kuna mtihani. Zima. Wengi wao ni wapole kuliko mimi, wataondoka wakilia. Lakini huwezi kujua ni yupi kati yao amelishika jina la mama yako.